Prosesa imeng'ang'ania kwenye hitisinki: itelezeshe, usiing'oe

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Ryzen 5 3600 na ile feni iliyokuja nayo kwenye boksi. Ilikuwa inachemka sana, nikaamua kuisafisha na kubadilisha pesti, ile krimu ya kupitishia joto inayopakwa juu ya prosesa. Nimefungua skrubu zote nne, nikavuta hitisinki (kile chuma cha kupozea kilicho chini ya feni) juu, prosesa ikatoka nayo wakati wenzo wa soketi, yaani pale prosesa inapochomekwa, bado umefungwa. Sasa imeganda hapo, haitikisiki. Nilitaka kuichokonoa kwa bisibisi, nikasita. Pini mbili tatu za pembeni naona zimelala. Je, prosesa imekufa? Naitoaje?

Jibu: Ndugu yangu, umefanya vizuri kusita. Kwa maelezo yako prosesa ina kila dalili ya kuwa nzima, na bisibisi ndiyo ingeiua.

Soketi yako ni AM4, iliyoingia sokoni mwaka 2016. Pini zote 1331 ziko chini ya prosesa yenyewe, na wenzo unazibana kwa ubavu tu. Hakuna fremu ya chuma inayoishikilia prosesa kutoka juu. Pesti iliyokaa miaka inakauka na kushika, na tabaka lake ni jembamba mno hata hewa haipenyi katikati. Ndiyo maana kuivuta wima ni sawa na kutenganisha vioo viwili vilivyolowa: ukivuta havikubali, ukivitelezesha vinaachana. Kwa hiyo tunaanza na joto, halafu tunazungusha. Kuvuta wima sahau kabisa.

Kabla ya hapo, chomoa feni, ifungue kwenye hitisinki kama inafunguka, kisha gusa chuma kitupu ili umeme tuli ukutoke mwilini. Laza hitisinki mezani, pini zikitazama juu. Chukua draya ya nywele, hata ya kuazima saluni, upulize chuma cha hitisinki kutoka ubavuni kwa dakika tatu hadi tano. Pasha hitisinki, usiielekeze draya kwenye pini. Kipimo chako ni mkono: chuma kiwe cha moto lakini bado unaweza kukishika. Usiogope kuiunguza, maana prosesa hii imeundwa kuvumilia hadi nyuzi 95 ikiwa kazini. Ila mashine ya hewa moto ya mafundi simu iache, inapita kiasi upesi mno. Friji nayo usiijaribu, hasa kwa walio pwani: ukitoa kitu cha baridi kwenye hewa yenye unyevu kinatoka jasho, na maji hayo yanajikusanya kati ya pini.

Ikiwa bado ya moto, shika kingo za ubao wa kijani wa prosesa kwa vidole vya mkono mmoja, hitisinki kwa mkono mwingine, uzungushe kidogo kushoto, kidogo kulia. Usiharakishe. Mara nyingi utaisikia inalegea ghafla, ndiyo maana vidole viwe pembeni na si juu ya pini. Ikikataa, rudia joto.

Ikiendelea kugoma, tumia uzi wa kusafishia meno au mshipi mwembamba wa kuvulia samaki. Hapa tazama kwa makini sana, kwa sababu ukiangalia kwa ubavu utaona mistari miwili. Mmoja uko kati ya hitisinki na kifuniko cha chuma cha prosesa, na ndio wenye pesti. Mwingine uko kati ya kifuniko hicho na ubao wa kijani. Huo wa pili usiuguse hata kwa ukucha, kwa kuwa chini yake ndiko kiliko kipande chenyewe cha silikoni. Uzi upite kwenye mstari wa kwanza, uuvute kama unakata sabuni, kutoka kona moja hadi nyingine.

Unaweza pia kudondoshea alkoholi ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi, kwenye mstari huohuo na kuiacha dakika kumi ilainishe pesti. Alkoholi inashika moto, kwa hiyo usiitumie pamoja na draya. Acha chuma kipoe kwanza. Petroli na dawa ya kuondolea rangi ya kucha usitumie kabisa.

Ikishatoka, futa pesti yote kwa kitambaa laini chenye alkoholi. Kama imeingia kwenye pini, isugue taratibu kwa mswaki laini uliolowa alkoholi, uache ikauke kabisa.

Sasa zile pini zilizolala. Washa tochi, inua prosesa usawa wa jicho, utazame mstari kwa mstari kama unavyokagua ukuta wa matofali. Iliyopinda itajitokeza. Chukua penseli ya kubofya ya 0.5 au 0.7, itoe risasi, uivike ncha yake kwenye pini na kuinyoosha kidogo kidogo. Pini hizi ni laini: zinakubali kunyooshwa mara moja, lakini ukizipeleka huku na huku zinakatika. Iliyoinama kidogo tu inasukumwa kwa kona ya kadi ya benki. Tazama na soketi pia, kusiwe na pini iliyokatikia ndani.

Kuirudisha, inua wenzo mpaka usimame. Linganisha pembetatu ya dhahabu kwenye kona ya prosesa na alama ya soketi, kisha iachie. Inatakiwa kuzama kwa uzito wake yenyewe. Ikikaa upande, usibonyeze: itoe, kuna pini bado imepinda. Ikishatulia ndipo ulaze wenzo, uweke pesti mpya ukubwa wa punje ya choroko kubwa, ukaze skrubu kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo.

Safari ijayo, iendeshe kompyuta kwa kazi nzito kama dakika kumi na tano, izime, chomoa waya, na ufungue hitisinki ikiwa bado ya moto, ukiizungusha kabla ya kuinua. Wenye soketi za Intel tangu LGA775 ya mwaka 2004, na wenye AM5 ya mwaka 2022, hili haliwapati kirahisi, kwa kuwa prosesa zao zinabanwa na fremu ya chuma. Kwao pini laini ziko kwenye soketi, na huko ndiko kwa kuchunga.

Ukiwasha, ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows) utazame joto la prosesa dakika chache. Likipanda mbio kuelekea nyuzi 90, zima papo hapo: hitisinki haijakaa sawa, au waya wa feni umesahaulika.