Usiyaguse yakiwa yameganda: nilivyojifunza kuhifadhi matairi ya kiangazi

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama mtu anayevunja biskuti chumba cha pili. Nilikuwa nashusha tairi la tatu kutoka rafu ya banda, mikono imekufa ganzi, nikaona uvivu kulishikilia mpaka chini. Nikaliachia nusu mita ya mwisho nikitegemea litadunda. Halikudunda. Lilitua kama gogo. Nilipoinama na tochi nikauona ufa mwembamba kama unywele, umekatisha kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) kutoka mfereji mmoja hadi wa pili. Kipimajoto cha bandani kilikuwa kinasoma nyuzi 13 chini ya sifuri.

Matairi yenyewe yalikuwa ya kasi, yale laini ya kiangazi yanayong'ang'ania lami kwenye kona, na yalikuwa yametumika msimu mmoja tu. Nilikuwa nimeyaosha, nimeyakausha, nimeyafunika, nikajiona mtunzaji hodari. Kilichonitia hasara si miezi minne ya kukaa kwenye baridi. Ni zile dakika tano za kuyashusha.

Watu wengi hudhani mpira ni mpira tu. Mpira wa tairi la theluji umechanganywa ubaki laini hata kukiwa na barafu. Wa tairi la kiangazi umetengenezwa kwa ajili ya lami yenye joto; ukipoa chini ya nyuzi 7 hivi unaanza kuwa mgumu na kupoteza mshiko, na ukizidi kupoa unafika mahali unakuwa kama plastiki ya ndoo ya zamani. Ukiuacha ulivyo, hauna shida. Ukiukunja, unapasuka. Michelin wanaonya kwamba matairi yao ya aina hii yasitumike wala kuviringishwa kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi, na yakishafikia baridi hiyo yaachwe mahali penye angalau nyuzi 5 kwa saa 24 kabla ya kufanyiwa chochote. Na wanaposema chochote wanamaanisha chochote: kuyafunga kwenye rimu, kuyabebesha gari, hata kuongeza au kupunguza upepo. Hilo la upepo ndilo lililonishtua, maana mimi ndiye niliyekuwa naingia bandani kila mwezi na pampu, nikidhani nayahudumia.

Basi kama huna pengine isipokuwa banda lisilo na joto, usikate tamaa. Yahifadhi humo humo, ila ukishayapanga yasahau. Usiyahamishe kupisha baiskeli, usiyageuzegeuze, usimruhusu mtoto kuyapanda. Siku ya kuyatoa, ngoja hali ya hewa ipate joto yenyewe. Ukilazimika kuyatoa kukiwa bado na baridi, yabebe taratibu kama trei ya mayai, yaingize ndani, yalale siku nzima. Usiyapulizie hita ili kuharakisha. Nilishawahi kufikiria kutumia mashine ya kukaushia nywele, nacheka nikikumbuka.

Gari likikaa baridi nzima juu ya matairi hayo ni kesi nyingine. Pale tairi linapogusa sakafu limeshajikunja kwa uzito, kwa hiyo ukiliwasha gari asubuhi ya baridi kali na kulirudisha nyuma mita tatu tu, umelikunja tairi upya likiwa limeganda. Dawa yake ni kulinyanyua gari na kuliweka juu ya stendi imara (jeki peke yake haitoshi, usijaribu), au kulivalisha seti kuukuu ya matairi ya baridi lilale nayo. Mimi nimechagua la pili. Sura ya gari haipendezi, lakini nikitaka kulisogeza nalisogeza.

Pahali pazuri zaidi ni ndani ya nyumba: chumba cha chini au stoo, penye ubaridi wa kiasi, pakavu, pasipopigwa na jua. Nilipohamia huko nikajiona nimemaliza kazi, kumbe nimekimbia moshi nikaangukia moto. Niliyapanga kando ya kompresa yangu ya upepo. Baada ya misimu miwili nikaanza kuona vijiufa vidogo vidogo ubavuni, kama udongo wa shamba lililokosa mvua. Mota za umeme zinazotoa cheche huzalisha gesi ya ozoni, na ozoni ni adui mkubwa wa mpira kuliko baridi yenyewe. Mashine ya kuchomelea, jenereta, pampu ya maji, tanuri la kupashia nyumba joto, vyote viko kundi hilo. Viweke mbali na matairi, au matairi mbali navyo. Petroli na oili nazo zisiwe jirani.

Ndiyo maana siku hizi kila tairi linaingia kwenye mfuko wake wa plastiki mweusi, ule mkubwa wa taka. Nachomeka mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi, hewa inatoka, plastiki inagandamana na mpira, nafunga kwa utepe wa gundi. Lakini sharti liwe kavu kabisa. Maji yaliyojificha kwenye mifereji yakifungiwa humo, rimu ndiyo itakayolipa. Naosha kwa sabuni ya kawaida na brashi laini, naliacha usiku kucha. Zile dawa za kung'arisha sipaki. Ukiona ubavu umekuwa na rangi ya kahawia, usiusugue kwa hasira: ndani ya mpira mna nta na kemikali za kuukinga na ozoni ambazo hupanda juu zenyewe, na wewe utakuwa unamvua tairi koti lake.

Upangaji hauna mengi. Yakiwa na rimu, yalaze moja juu ya jingine au yatundike. Yasipokuwa na rimu, yasimamishe wima, na uyazungushe kidogo kila mwezi yasibonyee upande mmoja, ikiwa tu pana joto. Kabla ya kuyafungua kwenye gari andika kwa chaki kila moja lilikuwa wapi. Niliruka hatua hii mwaka mmoja, nikatumia jioni nzima kutafuta mishale ya mwelekeo kwenye mbavu za matairi manne yaliyofungwa plastiki.

Ukiwa hapo hapo na chaki, soma na umri wake. Ubavuni, mwisho wa namba inayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna muuzaji aliwahi kuniuzia matairi "mapya" yaliyokuwa yamekaa dukani miaka minne. Hayakuwa mabovu, ila bei ya mapya haikuyastahili. Likishafika miaka mitano mimi hulikagua kwa makini kila msimu, na nikiwa na shaka siendi nalo kasi.

Lile lililopasuka nililipeleka kwa fundi nikiwa na matumaini ya kuzibiwa. Alilizungusha mara moja, akapitisha kidole kwenye ufa, akaniuliza kama nalitaka kwa bembea ya watoto. Nikanunua mawili, kwa sababu mwenzake wa ekseli moja naye alikuwa rafu ile ile, na sikutaka tairi moja jipya lishindane na lililochakaa nusu.

Sasa siyavishi kwa kufuata kalenda. Nangoja asubuhi, si mchana, zipite nyuzi 7 wiki nzima mfululizo. Natoa mfuko, naacha tairi lipoteze ile harufu ya kufungiwa, kisha napita na tochi mfereji baada ya mfereji na kubonyeza kashata kwa ukucha. Ukucha ukizama kidogo na alama ikajifuta, natafuta spana.