Jikoni na Wasomaji: Mbona Pajeon Yangu Inalegea?

SWALI: Nimejaribu mara tatu kupika pajeon, ile chapati ya Kikorea ya majani ya vitunguu. Natia mayai mawili na maziwa, nakoroga mpaka uji unalainika kabisa, lakini inatoka laini tu. Au ni huu mwinuko wa Mbeya? (Msomaji, Uyole)

JIBU: Hapo umepika chapati ya maji, na huenda ilikuwa tamu. Mayai na maziwa ndivyo vinavyolainisha. Ipo pajeon inayomiminiwa yai juu, ile ya Dongnae kule Busan, lakini hiyo huliwa ikiwa laini, kwa hiyo siyo unayoitafuta. Mwinuko usiusingizie: huko kwenu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100, lakini mafuta yanapata moto uleule wa kukaangia.

Kwa chapati mbili za kikaango cha sentimita 26, chukua unga wa ngano kikombe kimoja (gramu 125), kornflawa vijiko vinne vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai na maji baridi mililita 250. Uji uwe mwepesi kuliko wa chapati za maji, uteleze kwenye upawa kama maziwa mazito. Koroga kwa uma sekunde 20 hivi kisha uache, hata kama vidonge vidogo vimebaki. Ukikoroga sana unajenga glutini, ule mvutano unaoutaka kwenye chapati za kusukuma, na hapa ndio unaoleta ugumu wa kutafuna. Maji ya baridi huuchelewesha. Barafu si lazima. Maji ya bomba ya Uyole asubuhi ya Julai yanatosha.

Majani ya vitunguu gramu 150, yakaushwe vizuri kwa kitambaa, kwa macho yaonekane mengi kuliko uji. Yachanganye na uji, ambao kazi yake ni kuyashikisha tu. Tia mafuta ya alizeti vijiko vitatu vya chakula kwa kila chapati (ndiyo, vitatu), yapate moto mpaka tone la uji likidondoka linachacharika papo hapo. Mimina nusu, sambaza iwe nyembamba, usifunike. Dakika nne upande wa kwanza. Geuza, ongeza kijiko kimoja cha mafuta kuzunguka kingo, gandamiza kwa mwiko bapa, dakika tatu tena. Wanaobania mafuta wanaishia kuichoma chapati badala ya kuikaanga, na chapati ya kuchomwa inakauka madoamadoa.

SWALI: Mapishi mengine yanataka wanga wa viazi. Dukani kwetu haupo. (Msomaji, Njombe)

JIBU: Kornflawa inafaa. Lakini mtu wa Njombe kukosa wanga wa viazi! Menya viazi nusu kilo, vikwaruze kwenye matundu madogo, viweke kwenye chujio juu ya bakuli na uvikamue kwa kijiko. Acha yale maji yatulie dakika 10. Yatageuka kahawia, yasikutishe. Yamwage taratibu na chini utakuta tabaka jeupe: ukilibonyeza kwa kidole ni gumu, ukilichota linatiririka. Wanga ndio huo.

Unaweza kuutia kwenye uji wa pajeon na kupunguza maji kidogo. Ila ushauri wetu ni uurudishe kwenye viazi vyako vilivyokamuliwa, tia chumvi, ukaange bila unga wowote. Hiyo inaitwa gamjajeon, chapati ya viazi inayosifika Gangwon, mkoa wa milima na viazi kama wenu. Kingo zinakatika kwa mlio, katikati inanata kidogo. Kipande cha kitunguu maji kikikwaruzwa pamoja na viazi hupunguza ule weusi.

SWALI: Natumia jiko la mkaa. Katikati inaungua, pembeni mbichi, na nikigeuza inakatika. (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Kikaango chembamba cha aluminiamu hubeba moto pale mkaa ulipo tu. Sambaza makaa yawe duara, katikati yawe machache, na uzungushe kikaango kila nusu dakika. Kukatika ni haraka yako: tikisa kikaango, na chapati isipoteleza yote kwa pamoja bado haijawa tayari. Kama mkono haujazoea, pika ndogo za upana wa sahani ya kikombe.

SWALI: Nikifika ya tatu, ya kwanza imelegea, na naziweka kwenye hotpoti. (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Hotpoti ndiyo inayozilegeza. Mvuke unakosa pa kutokea, unarudi kwenye chapati. Zitandaze juu ya wavu au chujio pana, usizipange moja juu ya nyingine. Iliyokwisha kulegea irudishe kwenye kikaango kikavu, dakika moja kila upande. Mafuta iliyokunywa yanaitosha.

SWALI: Wakorea wanatia ngisi na chaza. Usipa je? (Msomaji, Kyela)

JIBU: Usipa wakavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wanafaa, tena hawatoi maji kama ngisi. Toa vichwa, waoshe, wakaushe kwenye kikaango dakika mbili, kisha wapange juu ya uji kabla haujashika. Chumvi kwenye uji punguza nusu. Kwa kuchovya: soya sosi vijiko viwili, siki kimoja, maji kimoja, pilipili na ufuta uliokaangwa.