Usitume hiyo hela, Katibu

Katibu, usitume hiyo hela. Habari za basi, fulana na bajeti ya chakula nitazifikia nikikumbuka, lakini nimesoma uzi wako nikafika pale ulipoandika kwamba mnataka kupeleka vijana 40 wa usharika Dar kwa uinjilisti likizo ya Juni, na kwamba "kuna kaka mmoja mwenyeji ametuhakikishia shule ya kulala, anachotaka ni hela yote kabla, nafasi isije ikachukuliwa na wengine". Hapo hapo nikaacha chai ipoe. Wewe uko Makambako, sisi tulitoka mkoa huo huo wa Njombe kwa safari kama hiyo hiyo, na maneno tuliyoambiwa ndiyo hayo hayo. Nafasi isije ikachukuliwa na wengine! Hao wengine mpaka leo sijawaona.

Mwenyeji wa kwetu alikuja Krismasi kusalimia wazazi. Akasimama ibadani kutoa salamu, suti kali, "Bwana Yesu asifiwe" akaipiga mara tatu mpaka wazee wakaamka. Akasema Dar ni nyumbani, anaimba kwaya huko, na anamjua mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja ya Mbagala ambako likizo madarasa yanakaa matupu. Hakuna aliyemuuliza kwaya gani wala usharika gani. Mimi nilikuwa mhazini wa vijana na sikuuliza, kwa hiyo huko mbele ukiona nawarukia watu, ujue najirukia na mwenyewe.

Halafu elewa zile hela zilikuwa nini. Zilikuwa viazi. Vijana walilima shamba la usharika, wakapalilia, wakapiga dawa, na mwisho madalali wakaja kununua kwa lumbesa, gunia limefungwa juu kilemba utadhani bibi harusi, kwa bei ya gunia la kawaida. Kinamama wakaongezea maharage. Hizo ndizo nilizokaa nazo kwenye simu, laki tisa za malazi peke yake.

Nikaweka namba yake na kiasi. Unajua simu inakuletea jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Likaja jina la mwanamke. Nikasitisha, nikampigia. Akacheka vizuri tu: "Hiyo laini ya shemeji yako bwana, yangu imejaa." Shemeji yangu! Shemeji ambaye sijawahi kumwona hata kwenye picha. Nikamfuata mzee mmoja wa kanisa, mlezi wa vijana wakati ule, nikamwambia tudai basi hata karatasi yenye sahihi. Akanijibu tusimkwaze ndugu kwa kumdai risiti, sisi ni watu wa imani. Nikarudi nikaweka namba ya siri. Yule mzee yupo bado, na akisimama kutuongoza kwenye maombi mimi nafumba jicho moja tu.

Safari yenyewe tuliimba mpaka Kitonga. Pale lori lilikuwa limelala kwenye kona, tukakaa masaa. Mikumi huwezi kukimbia, ni hifadhi, spidi ina kikomo. Mwenyeji simu yake inaita, anapokea, ana furaha kuliko sisi: "Njooni, njooni, mimi niko getini hapa na mwalimu." Chalinze anapokea. Kibaha, jua linazama, haipatikani. Tukasema chaji imeisha, maskini, amekaa getini siku nzima akitungoja. Nakuapia kuna binti mmoja nyuma ya basi alimwombea.

Saa nne usiku tuko getini Mbagala. Akatoka mlinzi, mzee wa watu, tochi mkono mmoja na rungu mkono mwingine, akamulika basi kuanzia mbele mpaka nyuma kisha akauliza: "Wageni wa nani?" Nikamtajia jina. Halijui. Nikamwambia tumelipia madarasa. Akasema madarasa yana watoto wa darasa la saba, wako kambini wanajiandaa na mtihani wa Septemba, wengi wao wasichana, na mwalimu mkuu amekataza asiingie mtu hata akiwa askofu. Tukambembeleza, akampigia mwalimu mkuu, akanipa simu. Mwalimu hakupiga kelele. Aliniuliza tu kwa upole: "Ninyi watu wazima mmetoaje watoto wa watu Njombe kwa maneno ya kwenye simu?" Afadhali angenitukana.

Sasa hesabu. Vijana 40, wengine hawajafika miaka 18. Wameshuka na masweta na mablanketi kwa sababu wametoka kwenye baridi la Juni la kwetu, wanatoka jasho. Wasichana wanataka choo. Dereva ananikumbusha kwamba mkataba wake ulikuwa kutufikisha, na ametufikisha. Mbu sitaki hata kuwazungumzia. Akaitwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akaja na msuli na kofia yake, akaomba barua. Barua tulikuwa nayo! Mchungaji alituandikia nzuri kabisa, ina nembo na kila kitu, na juu imeandikwa KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA. Mzee akaisoma kwa tochi ya mlinzi, akaikunja, akanirudishia. Yeyote anayehusika usiku ule hakuwepo.

Yule mwenyekiti ni Mwislamu, na ndiye aliyetuokoa. Wasichana akawagawa, wengine kwake kwa mkewe, wengine kwa majirani, akaandika majina yao kwenye daftari na nani kalala wapi. Wavulana wakalala ndani ya basi, na dereva akanihesabia kama siku ya pili ya kukodi, kwa bei kamili, bila haya. Asubuhi mwenyekiti mwenyewe akatupeleka kwenye usharika wa karibu. Mchungaji wa pale alikuwa muungwana, ila alishangaa: ukumbi ungekuwepo bure kama tungemwandikia mwezi mmoja nyuma. Bure, Katibu. Sasa ulikuwa na semina ya kinamama. Ikabidi wasichana walale nyumba ya wageni, wavulana kwenye veranda ya kanisa, na hela ya nyumba ya wageni ikatoka kwenye mchele.

Kwa hiyo ukiniuliza bajeti ya chakula, nitakwambia nini? Tulipanga wali maharage, tukala mihogo ya kukaanga na uji. Mkutano wa Injili tuliouimbia mwaka mzima haukufanyika kwa sababu mikusanyiko ya hadhara polisi wanatakiwa wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla, na "mwenyeji" alikuwa ameshatuambia ameshaenda polisi. Labda alienda kwa mambo yake. Tukaishia kufagia kanisa, kupaka rangi ukuta wa darasa la Sunday school na kuimba nyimbo mbili Jumapili. Mimi nilienda polisi kweli, nikachukua RB, ile namba ya taarifa wanayokuandikia. Mwenye ile laini akapatikana, mama mwenye genge la mboga, akasema kuna kijana alimwomba ampokelee hela, akampa, akaondoka. RB ninayo mpaka leo, imo ndani ya Biblia yangu.

Najua utasema wa kwenu ni mtu mnayemfahamu, ukoo wake mnaujua. Wa kwetu pia. Wazazi wake tunakaa nao benchi moja. Nenda kamdai mtu mzima aliyekaa na baba yake mbele ya madhabahu, uone kama mdomo utafunguka.

Mimi nina sharti moja, na vijana wetu wamelichoka kulisikia: hela haitoki mpaka miguu yenu imefika. Watu wawili wa usharika wenu, mmoja awe mama, wapande basi la kawaida waende Dar. Wakae na mchungaji wa usharika mwenyeji ofisini kwake, wasikutane na mtu stendi akawaonyesha kwa kidole. Wakanyage hapo mtakapolala. Wafungue bomba waone maji yanatoka, wahesabu matundu ya vyoo, waulize wasichana wanaoga wapi na mlango una komeo. Ndiyo maana nasema mama. Sisi wanaume tungeangalia paa tukarudi. Kama ni shule ya serikali, waingie kwa mwalimu mkuu wamwone uso, na wamuulize kama ofisi ya elimu ya manispaa ina taarifa. Warudi na barua yenye muhuri, tarehe zimeandikwa, na hela iende akaunti ya usharika, siyo laini ya shemeji.

Na barua yenu isiwe ya yeyote anayehusika. Kama mko KKKT, yaani Walutheri, ianze usharikani, ipite jimboni, iende dayosisini, ishuke Dar kwa njia hiyo hiyo mpaka kwa mchungaji mwenye jina. Inachelewa, ndiyo, ndiyo maana unaianza sasa.

Utaniambia nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni hasara. Linganisha na laki tisa, na siku moja ya basi, na nyumba ya wageni, na sura za wazazi tuliporudi. Kuna baba mmoja mpaka sasa hamruhusu binti yake hata kwenda mkutano wa vijana Njombe mjini.

Uliuliza SGR, ile treni ya reli mpya kutoka Dar. Kweli tangu 2024 inatembea mpaka Dodoma na mngeweza kuipanda Morogoro, ila kushusha watu 40 na mabegi kutoka basini kuingia treni, kisha Dar mtafute tena gari la kuwatoa stesheni, sioni faida. Kodini basi. Lakini muulizeni mwenye basi kama ana kibali cha LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, cha safari ya kukodi, na siku za kusubiri ziandikwe kwenye mkataba na bei yake, nisije nikasikia dereva yule yule amewapata na ninyi. Masweta ni ya njiani tu.

Kuhusu mahali pa kuhubiri, mwachieni mchungaji mwenyeji apange. Dar wahubiri hawajapungua, kila kituo cha daladala yuko mmoja na spika yake. Mbagala misikiti ni mingi, na mtaa una ratiba zake za adhana na utaratibu wake wa kuheshimiana ambao mgeni wa siku mbili haujui. Pengine atawaambia hana haja na mkutano, ana wagonjwa na wazee wa kutembelewa. Kubalini.

Fulana sijui. Zetu zilikuwa nyeupe, usirudie hilo pia.

Kulikuwa na swali lingine la wazazi kusaini ruhusa, sikumbuki uliuliza nini hasa, wadau wengine watakusaidia. Kwa sasa mpigie huyo kaka. Mwambie hela ipo yote, tayari, ila Ijumaa wanakuja watu wawili kuona vyoo na kusalimiana na mwalimu mkuu. Kisha rudi hapa utuambie amejibu nini.