Vitenzi vya Kijapani: anzia kwenye Kiswahili chako

Kitenzi cha Kijapani hakijali nani anatenda. Nomimasu ni mimi hunywa, wewe hunywa, wao hunywa, kama hu- yetu isiyo na nafsi, na umbo hilohilo hutumika kwa kesho: ashita nomimasu, nitakunywa kesho. Kazi yote iko mkiani. Kukanusha ni nomimasen, wakati uliopita ni nomimashita, na sikunywa ni nomimasen deshita. Kwa kuwa kitenzi chenyewe hukaa mwisho wa sentensi, msikilize Mjapani hadi atue, ndipo ujue kama amekubali au amekataa.

Madarasa mengi huanza na umbo la -masu kwa sababu ni la heshima. Sawa, lakini kamusi huandika nomu. Kwa hiyo kila kitenzi kipya kiandike daftarini kwa maumbo yote mawili, nomu na nomimasu. Taberu (kula) na miru (kutazama) huangusha -ru tu: tabemasu, mimasu. Kaku (kuandika) na nomu hubadili irabu: kakimasu, nomimasu. Suru (kufanya) na kuru (kuja) hawana kanuni, wakariri: shimasu, kimasu. Mtego uko kwa akina kaeru (kurudi), hairu (kuingia) na hashiru (kukimbia), wanaofanana na taberu lakini wako upande wa kaku: kaerimasu, hairimasu, hashirimasu. Kiru ndiye mkorofi kuliko wote. Akiwa kuvaa ni kimasu, akiwa kukata ni kirimasu.

Ukishamaliza hapo, usikimbilie sura inayofuata ya kitabu. Kaa na umbo la -te mpaka likutoke mdomoni bila kufikiri: tabete, nonde, kaite, hanashite (kusema), katte (kununua), na itte kutoka iku (kwenda), anayevunja kanuni ya kaku. Bila -te huwezi kumwomba mtu afanye jambo, kuomba ruhusa wala kusimulia.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokutanguliza mbele, na ndiyo sababu siwashauri watu kupitia Kiingereza kwanza. Chukua sentensi hii: Okite, kao o aratte, gohan o tabete, dekakemashita. Niliamka, nikanawa uso, nikala, nikatoka. Hiyo -te ni ndugu wa -ka- yetu. Tofauti ni kwamba sisi tunataja wakati kwenye kitenzi cha kwanza, wao wanasubiri mpaka cha mwisho.

Halafu kuna -te imasu. Vitabu vingi huieleza kama jambo linaloendelea, na kwa nonde imasu, anakunywa, ni kweli. Lakini mwanafunzi akiibeba hivyo kila mahali, atakutana na Tōkyō ni itte imasu na kudhani mtu yuko njiani. Kwa kawaida maana yake ni ameenda Tokyo, yuko huko. Vivyo hivyo suwatte imasu ni ameketi, kekkon shite imasu ni ameoa au ameolewa, na shinde imasu ni amekufa, si anakufa. Kitenzi kikitaja badiliko linaloacha hali fulani, soma -te imasu kama -me-. Kikitaja shughuli, soma kama -na-. Anayesema “amesimama mlangoni” tangu utotoni hana haja ya kufundishwa jambo hili kwa kurasa nyingi.

Vinyambuo vya vitenzi navyo vitakuwa vyepesi baadaye, kwani kutoka taberu hupatikana tabesaseru (kulisha) na taberareru (kuliwa), kwa kubandika mwishoni kama tufanyavyo. Ila navyo viache kwanza.

Angalia pia kujua. Sisi husema najua, wao husema shitte imasu, yaani wameshapata kujua na hali hiyo ingalipo. Ukiulizwa jambo na hulijui, jibu shirimasen. Shitte imasen haitumiki hapo, ingawa kanuni uliyojifunza itakusukuma kuisema.