Dizeli yangu, daftari langu, na shemeji asiyetaka kupima

Juzi msomaji mmoja kanitumia ujumbe: "Kaka, nataka kuuza gari langu la petroli nichukue la dizeli. Nimeambiwa linakwenda kilomita 22 kwa lita moja. Ni kweli au napigwa?" Nimeusoma mara mbili, kisha nikaweka simu chini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hiyo 22 ndiyo ung'ongo wangu. Ni namba ileile iliyoniingiza mjini miaka sita iliyopita.

Kijitabu cha gari kiliandika lita 4.5 kwa kila kilomita 100. Ukigeuza unapata kilomita 22 na kidogo kwa lita. Nilipiga hesabu usiku, nikapiga tena asubuhi, nikamchorea mke wangu kwenye karatasi jinsi gari litakavyorudisha gharama zake lenyewe. Muuzaji hakuongeza chumvi, tusimwonee. Alinyoosha kidole kwenye ile namba, mengine nikajidanganya mwenyewe.

Tangi la kwanza: kilomita 610, lita 47. Gawanya. Kilomita 13 kwa lita, yaani lita 7.7 kwa kilomita 100. Nikasema nimekosea mahali. Tangi la pili likaja vilevile, la tatu vilevile. Na kilichoniuma zaidi, dashibodi muda wote huo ilikuwa inaniambia 6.9, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekuficha msiba. Shemeji yangu, mwenye kigari chake kidogo cha petroli, alipolisikia hilo alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, umenunua gari au lori?" Sijasahau, na sidhani kama nitasahau.

Ndipo nikaanzisha daftari. Watu huniuliza siri ya kubana mafuta, nami nawaambia siri ni daftari, wanaona nawazuga. Dashibodi hukadiria kutokana na muda ambao nozeli (zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini) zimefunguka, na makadirio hayo mara nyingi humpendelea mwenye gari. Pampu haina upendeleo. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako, jaza tena mpaka ijikate, andika lita na kilomita. Basi. Ila dizeli ina povu, na povu huikata pampu kabla tangi halijajaa. Siku nyingine inakata mapema, siku nyingine inachelewa, na lita mbili tatu zinapotea kwenye hesabu hivihivi. Kwa hiyo jaza kwenye pampu ileile, usisindilie baada ya kukata, na usiamini tangi moja. Chukua matatu au manne, jumlisha, gawanya. Anayekuletea rekodi ya tangi moja anakuletea povu.

Wakati daftari linajaa, nilianza kusoma kuhusu ile 4.5. Kumbe ilipimwa kweli, ila ndani ya maabara, gari likizungusha matairi juu ya rola. Kipimo cha Ulaya cha wakati ule, NEDC, kilichukua dakika 20, umbali wa kilomita 11, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 34 hivi kwa saa. Kiyoyozi kimezimwa. Kutoka kusimama hadi kilomita 50 kwa saa, gari lilipewa sekunde 26. Hebu kajaribu hilo barabarani leo, uhesabu honi utakazopigiwa. Watafiti wa ICCT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa usafiri safi, waliofuatilia jambo hili waliona kwamba pengo kati ya karatasi na barabara lilikuwa chini ya asilimia 10 mwaka 2001, na kufikia 2015 lilikuwa limepita asilimia 40. Tangu Septemba 2017 Ulaya imeanza kutumia kipimo kipya, WLTP, kirefu zaidi, cha dakika 30 na kilomita 23, na mwendo unafika 131 kwa saa. Kimepunguza uongo, hakijaumaliza. Tume ya Ulaya ilipokusanya takwimu kutoka kwenye vipimo vilivyo ndani ya magari mapya ya mwaka 2021 na kuzitangaza 2024, magari ya dizeli yalikuwa yanakula asilimia 18 zaidi ya yalivyoandikiwa, na ya petroli asilimia 24 hivi. Hiyo ya mwisho nilimsomea shemeji kwa sauti. Alibadilisha mada.

Sasa zidisha mwenyewe: 4.5 mara 1.4 ni 6.3. Hiyo ndiyo namba ambayo mtu mzima anayejua mambo angeitegemea kwa gari la umri wa langu. Lakini mimi nilikuwa kwenye 7.7. Maabara naidai mpaka 6.3, lita moja na ushee iliyobaki ilikuwa ya kwangu, na ilinichukua karibu mwaka mzima kukubali hivyo.

Kosa la kwanza lilikuwa safari zangu. Kazini kwangu ni kilomita sita. Injini ya dizeli haipotezi joto jingi, hiyo ndiyo sifa yake, na kwa sababu hiyohiyo inachelewa kupata moto. Kilomita sita zilikuwa zinaisha ndiyo kwanza mshale wa joto unaanza kujivuta. Oili bado nzito, injini inadai mafuta ya ziada, mimi nimeshafika nazima. Jioni tena. Nilinunua injini ya masafa marefu nikaifanya baiskeli ya kwenda dukani.

La pili ni chujio la masizi, lile lililo kwenye eksozi ya karibu kila dizeli ya kisasa. Linakusanya masizi, likijaa gari linayachoma lenyewe kwa joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo linapatikana kwa kumwaga dizeli ya ziada. Dizeli hiyo haikusogezi hata hatua moja. Kazi ikikamilika ukiwa barabara kuu, huioni kwenye daftari. Ukizima gari katikati, kesho inaanza upya, na sehemu ya dizeli inateremka kwenye oili. Mimi nilikuwa nasikia feni inanguruma baada ya kuzima, silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) imepanda kidogo, nanusa harufu ya moto, nasema labda ni jua. Siku niliyovuta kijiti cha oili nikakuta kiwango kimepanda badala ya kushuka, nilifurahi! Nikasema gari langu halili oili. Naandika haya kwa aibu, lakini ndiyo ukweli wenyewe.

La tatu sikulifanya mimi, ila nililipia. Nilipeleka gari gereji, siitaji ni ipi. Wakatoa nozeli zote, wakazisafisha, wakarudisha, wakanipa ankara ndefu. Tangi lililofuata: 7.6. Nikarudi, wakaniambia "chujio ndilo tatizo, tulitoe kabisa, wenye dizeli wengi wanatoa." Karibu nikubali. Kilichonizuia ni kwamba nchi nyingi zinakataza, na moshi ule mweusi mtu wa kwanza kuuvuta ni mwanao aliyesimama nyuma ya gari. Nikaenda kwa fundi mwingine, mzee mmoja mkimya. Hakufungua kitu. Alikaa kiti cha abiria, tukaenda nusu saa, akawa anaangalia mshale wa joto tu. Ulipaswa kutulia kwenye 90 hivi. Wangu ulikuwa unaelea kwenye 70, na kwenye mteremko unashuka zaidi. "Thamostati imekwama wazi," akasema. Kifaa kidogo tu, kinachozuia maji ya kupooza mpaka injini ipate moto. Injini ilikuwa haipati moto hata kwenye safari ndefu, na injini baridi haikubali kuchoma masizi ipasavyo. Akabadilisha kabla ya chakula cha mchana. Ile ankara ya nozeli bado ninayo kwenye droo, na kila nikitafuta kalamu naiona.

Baada ya hapo ndipo nikaionja dizeli yenyewe. Safari ya kwanza ndefu, mwendo wa 90 hadi 100: kilomita 820, lita 44. Hiyo ni 5.4 kwa 100, zaidi ya kilomita 18 kwa lita, gari limejaa watu na mizigo. Na si muujiza. Injini ya petroli ya kawaida ikienda polepole inavuta hewa kupitia mlango uliofungwa nusu, kama mtu anayepumua kwa pua iliyoziba. Dizeli inapumua wazi, nguvu inapimwa kwa kiasi cha mafuta tu. Mgandamizo wake ni mkubwa pia. Halafu kuna jambo ambalo sisi wa dizeli hatupendi kulisema: lita ya dizeli yenyewe ni nzito na ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia kumi au zaidi. Sehemu ya ushindi wetu ni uzito wa lita. Lita hiyo ikiungua inatoa kilo 2.6 hivi za kaboni dioksidi, ya petroli 2.3. Kwa hiyo ukijilinganisha na shemeji yako lita kwa lita, jipunguzie majivuno kidogo. (Mimi sijawahi kujipunguzia.)

Mnaotaka mbinu, haya. Punguza mwendo. Najua umeshasikia, sikia tena: upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 90 kwenda 120 unaukuza karibu mara 1.8. Huwezi kukimbia hivyo kisha ukalaumu nozeli. Panda gia mapema. Dizeli ina nguvu chini, kwenye mizunguko 1,500 mpaka 2,000 ya injini kwa dakika inakutosha, hakuna haja ya kuipigisha kelele. Ukiona taa nyekundu mbali, ondoa mguu ukiwa bado kwenye gia: mafuta yanakatwa kabisa. Wanaotoa gia kwenye mteremko wakidhani wanaokoa, injini zao zinaendelea kunywa mafuta ya silensa, na wamejinyima breki ya injini. Angalia upepo wa matairi. Vua lile keria la juu kama huna mzigo. Na andika kwenye daftari. Nimeshasema? Narudia, kwa sababu asilimia kubwa ya mnaoniandikia hamwandiki chochote, mnaniletea "nahisi". Nahisi haijawahi kujaza tangi la mtu. Mtu anakagua chenji ya kiberiti, halafu lita 40 anaziacha ziende bila kuuliza zimekwenda wapi!

Mimi mwenyewe safari za kilomita sita sijaweza kuzifuta, kazi ni palepale. Nilichofanya ni kuunganisha: siku moja ya wiki nina mizunguko yote ya nje, naifanya kwa mkupuo mmoja injini ikiwa na moto, dakika 30 au 40 barabara iliyonyooka, masizi yanaungua. Siku mbili nakwenda kazini kwa miguu. Tangi la wiki iliyopita, la mchanganyiko wa mjini na barabara kuu: kilomita 740, lita 44.4. Sita kamili kwa 100. Nimelizungushia duara kwa wino mwekundu.

Sasa ndugu yangu uliyeniuliza. Hapana, hutapata 22. Kama siku zako nyingi unakwenda zaidi ya nusu saa bila kuzima, dizeli itakupa 16 mpaka 18 ukiwa na mguu wa heshima, na utaipenda. Kama siku zako ni za kupeleka watoto shule na kurudi, baki na petroli yako, usije ukaniandikia tena mwakani ukilia na chujio. Kabla hujauza, pima gari ulilonalo kwa matangi matatu. Huenda ukagundua tatizo si gari.

Shemeji bado anasisitiza kwamba kigari chake kinakwenda kilomita 20 kwa lita. Nimemnunulia daftari, lenye jalada gumu na kalamu yake pembeni. Huu ni mwezi wa nne liko kwenye kabati la mbele la gari lake, na Jumapili nilipolifungua kutafuta karatasi ya kufuta kioo, ukurasa wa kwanza ulikuwa na orodha ya wachezaji wa timu yake.