Filit, filei au fileti?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi katika kiwanda cha samaki hapa Igogo, Mwanza. Sisi wa mezani, tunaoshika visu, tunasema "fileti". Msimamizi wetu hutukosoa: "Semeni filit." Juzi akaja mnunuzi kutoka Marekani, yeye akawa anasema "filei", t haisikiki kabisa. Neno la Kiingereza "fillet" linatamkwaje hasa? Na kwenye ubao wetu wa Kiswahili tuandike fileti, mafileti au minofu?

JIBU: Marahaba. Msimamizi yuko sahihi, mgeni yuko sahihi, nanyi wa mezani hamjakosea. Kila mmoja alikuwa anasema lugha yake.

Neno hili asili yake ni Ufaransa: "filet", yaani kijiuzi, kutokana na "fil", uzi. Waingereza walilichukua zamani sana na t yao wanaitamka hadi leo: FI-lit, mkazo mwanzoni. Wafaransa hawaitamki t hiyo, na Wamarekani wakizungumzia nyama au samaki hufuata Kifaransa, mkazo wakaupeleka mwishoni: fi-LEI. Kwa kuwa Kiingereza cha shule zetu ni cha mtindo wa Uingereza, shika FI-lit. Ukimsikia mtu akisema filei, mwelewe, usimsahihishe.

Tatizo letu kubwa ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: sa-NGA-ra, Mwa-LO-ni, fi-LE-ti. Ulimi uliozoea hivyo huubeba mkazo huo hadi kwenye Kiingereza, na Mwingereza anaweza kukuuliza mara mbili umesema nini. Anza kwa nguvu, malizia kwa wepesi: FI-lit.

Kisha kuna hiyo i. Irabu zetu ni tano tu, na i yetu ni kali. Ukitamka "fil" kwa i ya "sita", Mwingereza atasikia "feel", yaani kuhisi. I yao fupi inakaa kati ya i yetu na e yetu. Sema i, halafu ulegeze ulimi ushuke kidogo kuelekea e, bila kufika, na usiivute. Fanya mazoezi kwa sauti. Kusoma kimya hakusaidii hapa. Na t ya mwisho isizae irabu. Gusa ufizi kwa ncha ya ulimi kama unayetaka kusema "ta", kisha ishia hapo hapo. Kuhusu l, wenzako Wasukuma hawatapata shida yoyote. Kisukuma kimeizoea, ni r ndiyo inayowatoa jasho.

Hayo ni ya Kiingereza. Mkiwa mezani mnasema Kiswahili, simwungi mkono msimamizi. Neno likishahamia kwetu hufuata sheria za kwetu, na silabi zetu kwa kawaida huishia kwenye irabu. Unapokwenda Ukerewe unakata tiketi ya meli, hukati "tikit". Usiku unajifunika blanketi, simu unaichaji kwenye soketi. Fileti imepita njia ile ile, na mkazo wake uko mahali pake. Anayesema "nipitishie ile filit" katikati ya sentensi ya Kiswahili hajaongeza usahihi wowote.

Kwenye ubao, mimi ningependa kuona "minofu ya sangara". Mnofu ni nyama isiyo na mfupa, neno letu la zamani, na kila mtu kuanzia mwuza dagaa wa Kirumba hadi afisa uvuvi analielewa. Lakini nakubali kwamba kiwandani kuna haja ya neno jembamba zaidi. Kipande kilichochongwa kwenye mapanki, yaani mifupa inayobaki baada ya samaki kukatwa, nacho ni mnofu, ila si fileti; fileti ni ubavu mzima wa samaki uliotolewa mfupani kwa mkupuo mmoja. Basi andikeni "minofu" mnapotaja bidhaa kwa jumla, na "fileti" mnapohesabu vipande hivyo vya ubavu.

"Mafileti" iacheni. Neno hili linakwenda na tiketi na soketi, umoja na wingi halibadiliki: fileti hii imepimwa, fileti hizi zimepimwa, fileti kumi zimerudishwa mezani.