Masikio yananing'inia, niyakate?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa Mafinga, nina uwanja wa mbao. Mwezi uliopita nilinunua mtoto wa mbwa aina ya Doberman kutoka Dar es Salaam, dume, sasa ana wiki kumi. Mkia alikuja nao umeshakatwa, ila masikio yananing'inia kama ya mbuzi. Jamaa mmoja anayeuza mbwa wa ulinzi anasema nikimwacha hivi hakuna mwizi atakayemwogopa, na siku nikitaka kuuza watoto wake bei itashuka. Ana fundi wake atakayemkata nyumbani kwa elfu arobaini, kwa wembe mpya. Tena ananishauri amhasi siku hiyo hiyo, nisiingie gharama mara mbili. Unasemaje?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimecheka kwanza. Jamaa anakutisha na bei ya watoto, halafu hapo hapo anataka kumhasi baba yao! Hao watoto watatoka wapi?

Usimkate. Na usidhani unaambiwa na mtu aliyeshika vitabu tu. Miaka ya themanini nilikuwa bwana mifugo kijana huko Mufindi, upande wa mashamba ya chai, na mikia nimekata mingi. Mtoto ana siku tatu au nne, humchomi hata ganzi, unamshika kiganjani, mkasi, nyuzi moja, basi. Analia mlio mmoja mwembamba, unamrudisha kwa mama yake, ananyonya. Wewe unanawa mikono unajiambia: umeona, wala hakuumia. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kunyonya hakuthibitishi kitu. Mtoto wa siku tatu ataenda wapi kingine?

Aliyenifungua macho ni jike mmoja wa mbwa aina ya Rotwaila niliyemkata mkia mwenyewe. Alikuwa mpole, watoto wa nyumba ile walikuwa wanamlalia tumboni. Ila ukigusa kigutu cha mkia anageuka na meno nje, hata kwa mwenye nyumba. Alipofika miaka miwili nikaitwa nimwangalie. Nilipopapasa, ndani ya kovu nikakuta kifundo kigumu kama punje ya hindi. Neva iliyokatwa inaweza kuota vibaya ikajifunga uvimbe, na uvimbe huo ukiguswa unauma. Sikukata mkia mwingine wa urembo tangu hapo.

Sasa masikio ni kazi kubwa kuliko mkia. Sikio ni gegedu katikati ya ngozi mbili, na mishipa ya damu imejaa hadi ukingoni. Wanaoyakata kitaalamu, kwa mfano Marekani ambako bado inaruhusiwa, humlaza mbwa kwa nusu kaputi akiwa na wiki nane hadi kumi na mbili, wakashona ukingo mzima, kisha masikio yanafungwa plasta yasimame. Plasta hiyo hubadilishwa tena na tena kwa wiki nyingi, wengine miezi, na bado kuna masikio yanayogoma, moja likasimama na jingine likalala. Huyo fundi wako wa wembe amekwambia habari ya plasta? Amekwambia nani atakuja kubadilisha, na inzi wakitua kwenye kidonda utafanya nini? Nimeletewa mmoja wa namna hiyo, amefungiwa kwenye gunia la viazi, masikio yamevimba na funza ndani. Alipona, lakini tangu siku ile alikuwa akiona mkono wa mtu unakaribia kichwa chake anajikojolea. Ndiye mlinzi huyo?

Wenye mbwa ninaozungumza nao hawakubaliani, na sitaki kuwafanya wote wajinga. Wawindaji wa nguruwe pori huniambia mkia mrefu unachanika porini. Ni kweli unaweza kuchanika. Lakini Uingereza watafiti walihesabu mbwa 138,212 waliopita kwenye kliniki 52, wakakuta majeraha ya mkia 281. Katika ripoti yao ya mwaka 2010 walisema ili kuzuia jeraha moja ungehitaji kukata mikia ya mbwa kama 500. Wengine wanasema adui hushika sikio. Mwanangu, mwizi wa mbao haji kushika sikio la mbwa. Anakuja na kipande cha nyama chenye sumu. Mfundishe asile cha mgeni, hilo litakusaidia zaidi.

Wapo pia wanaoniambia kwamba Doberman asiyekatwa si Doberman. Hao nawajibu hivi: mbwa huyu alianzishwa Ujerumani, mji wa Apolda, na mtoza kodi aitwaye Karl Friedrich Louis Dobermann, aliyetaka mbwa wa kumlinda njiani. Na Ujerumani hiyo hiyo imepiga marufuku kukata masikio tangu 1987 na mikia ya urembo tangu 1998. Kama kwao alikozaliwa anatembea na masikio yake na bado ni Doberman, Mafinga tunamdai nini zaidi? (Na kwa wanaopenda ya kale: mwandishi wa Roma, Columella, karne ya kwanza, ameandika kwamba wachungaji waliamini mtoto wa mbwa aking'atwa mkia ukakatika siku ya arobaini hatapata kichaa. Kung'atwa kwa meno ya mtu! Sisi tuna chanjo.)

Kuhusu bei, sitakudanganya, wapo wanunuzi wanaotaka masikio yaliyosimama. Hilo ni lako na mfuko wako.

Kuhasi ni habari nyingine, usiichanganye na wembe wa masikio. Kuna sababu za kweli: dume haruki ukuta kufuata majike mtaa mzima, na jike akiondolewa kizazi haupati ule usaha wa mji wa mimba unaoua majike wengi wakubwa. Ila mbwa wa umbo kubwa kama wako usimwahishe, mwache mifupa ikomae, walau atimize mwaka. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa nusu kaputi. Na kumbuka tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama bila sababu ni kosa, hata akiwa wako.

Elfu arobaini zako anza nazo kwenye chanjo, ya kichaa isisahaulike, na dawa ya minyoo. Ikibaki, nunua mbao chakavu umjengee kibanda chenye sakafu iliyoinuka. Manyoya yake ni mafupi, na Juni ya Mafinga unaijua. Na katika wiki hizi chache mtembeze sokoni, stendi, aone watu na pikipiki, maana huu ndio umri wa kuzoea dunia.

SWALI: Mzee, mbwa wangu ana mkia mrefu, akifurahi anaupiga ukutani hadi ncha imechanika. Miezi mitatu haiponi, damu imejaa sebuleni. Daktari anasema aukate nusu. Nimesoma kwako kwamba kukata ni vibaya.
Mama wa Tukuyu

JIBU: Mama, huyo mwache akatwe. Hayo ni matibabu, urembo haumo. Mwombe daktari akate kwenye nyama nzima, juu ya kidonda, na akupe dawa ya maumivu ya siku kadhaa. Kazi yako itakuwa kumzuia asilambe nyuzi: chukua ndoo ndogo ya rangi iliyosafishwa vizuri, toboa kitako kwa ukubwa wa shingo yake, laini ukingo kwa kitambaa, mvishe kichwani kama tarumbeta. Atagonga milango siku mbili, kisha atazoea.